Biashara ya dunia na soko la mafundi katika nchi zinazoendelea

Nchi maskini inapofungua milango yake kwa biashara ya kimataifa, je, wafanyakazi wake wenye ujuzi hutafutwa zaidi au hukosa kazi? Kwa miongo kadhaa wachumi walikuwa na jibu moja. Historia imetoa majibu mengi.

Kaskazini mwa Stockholm, kati ya mji mkuu huo wa Uswidi na uwanja wa ndege wa Arlanda, upo mji wa Upplands Väsby. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 mji huo ulijulikana kwa kiwanda cha Optimus, kilichotengeneza majiko ya mafuta ya taa ya kupampu. Asili ya majiko ya aina hiyo ni jiko la Primus, lililobuniwa Stockholm mwaka 1892 na Frans Wilhelm Lindqvist na kuenea hadi Afrika Mashariki.

Enzi ya majiko hayo mjini hapo imepita. Imebaki kumbukumbu katika jina la jengo la Messingen, lililofunguliwa mwaka 2011 na lenye shule ya sekondari na maktaba. Jina hilo linatokana na neno la Kiswidi lenye maana ya shaba ya njano, madini yaliyotumika kutengeneza majiko. Nchini Tanzania, kwa upande wake, jiko la utambi linaitwa "jiko la mchina". Majina hayo mawili yanasimulia jinsi kazi za viwandani zilivyohama katika kipindi cha maisha ya mtu mmoja.

Nadharia iliyozaliwa Stockholm

Maelezo yanayojulikana zaidi kuhusu suala hili yalitolewa na Waswidi wawili. Eli Heckscher aliandika makala yake mwaka 1919, na mwanafunzi wake, Bertil Ohlin, akaipanua hoja hiyo katika kitabu cha mwaka 1933. Ohlin alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1977, pamoja na Mwingereza James Meade.

Hoja yao ni kwamba kila nchi huuza nje bidhaa zinazotumia kwa wingi kile ilichojaliwa nacho. Nchi yenye wahandisi wengi huuza mitambo. Nchi yenye vibarua wengi huuza nguo na viatu. Mwaka 1941 Wolfgang Stolper na Paul Samuelson walionyesha matokeo yake kwa mishahara: katika nchi maskini, biashara huria ingepandisha ujira wa kibarua na kupunguza pengo kati yake na fundi mwenye mafunzo.

Korea Kusini na Taiwan zilionekana kuthibitisha hoja hiyo katika miaka ya 1960 na 1970. Viwanda vya bidhaa za kuuza nje viliajiri watu wengi wenye elimu ya msingi, na pengo la mishahara likapungua.

Mexico yaenda kinyume

Mexico ilianza kupunguza ushuru wa forodha katikati ya miaka ya 1980 na kujiunga na mkataba wa biashara wa GATT mwaka 1986. Badala ya kupungua, pengo la mishahara kati ya wenye ujuzi na wasio nao lilipanuka kwa takriban muongo mzima.

Wataalamu wametaja sababu kuu tatu. Kwanza, Mexico ni maskini ikilinganishwa na Marekani, lakini haikuwa hivyo ikilinganishwa na China na nchi nyingine za Asia zenye ujira wa chini zaidi. Viwanda ilivyokuwa imevilinda sana ndivyo vilivyoajiri vibarua wengi. Pili, biashara huria huleta mashine mpya, na mashine mpya huhitaji watu wa kuziendesha na kuzitengeneza. Tatu, kama walivyoeleza Robert Feenstra na Gordon Hanson katika miaka ya 1990, kazi inayohesabiwa kuwa ya ujuzi mdogo Marekani inaweza kuhesabiwa kuwa ya ujuzi mkubwa inapohamia Mexico.

Kutoka kusokota hadi kushona

Katika Afrika Mashariki sekta ya nguo inatoa fundisho la aina nyingine. Baada ya uhuru, nchi za eneo hili zilijenga viwanda vilivyosokota nyuzi, kufuma na kutia rangi. Urafiki cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1968 kwa msaada wa China. Kenya ilikuwa na KICOMI mjini Kisumu na Rivatex mjini Eldoret. Viwanda hivyo vilihitaji mafundi mitambo, mafundi umeme na wataalamu wa rangi.

Soko la Kenya lilipofunguliwa katika miaka ya 1990, nguo za bei nafuu na mitumba ziliingia kwa wingi. KICOMI na Rivatex zilifungwa. Baadaye sheria ya Marekani ya AGOA, ya mwaka 2000, iliruhusu nguo kutoka nchi nyingi za Afrika kuingia huko bila ushuru, hata kama kitambaa kilitoka Asia. Ajira zilipatikana katika maeneo maalumu kama Athi River, lakini nyingi zilikuwa za cherehani. Mshonaji alitafutwa, fundi wa mashine za kufuma hakutafutwa.

Chuo Kikuu cha Moi kilinunua Rivatex mwaka 2007, na kiwanda kilizinduliwa upya mwaka 2019. Kujenga upya kiwanda ni jambo la fedha. Kurudisha ujuzi ambao wazee walistaafu nao bila kuurithisha ni jambo la miaka mingi.

Minofu na mapanki

Biashara ya sangara wa Ziwa Victoria ilifuata njia tofauti. Kati ya mwaka 1997 na 2000 Umoja wa Ulaya uliwawekea vikwazo mara kadhaa samaki wa ziwa hilo kwa sababu za kiafya. Ili kurudi sokoni, Uganda, Kenya na Tanzania zililazimika kuimarisha ukaguzi na maabara. Mahitaji ya wakaguzi wa ubora na wataalamu wa vijidudu na kemikali yaliongezeka.

Lakini minofu ilipokwenda Ulaya, wanawake wengi wachuuzi wa samaki mjini Mwanza walibaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Biashara ileile ilimwinua mwenye cheti na kumshusha mwenye ungo.

Elimu ndiyo mizani

Mifano hii inaonyesha kwamba biashara peke yake haiamui nani atanufaika. Mahitaji ya ujuzi yanapopanda na shule hazitoi wahitimu wa kutosha, mishahara ya wachache hupaa na waliobaki huachwa nyuma.

Tanzania ililitambua hilo mapema. Kuanzia mwaka 1975, kwa msaada wa Uswidi, ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa kufuata mfano wa vyuo vya watu wazima vya nchi za Skandinavia, na mwaka 1994 sheria ikaunda mamlaka ya mafunzo ya ufundi, VETA. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, zilizofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, zimeongeza mahitaji ya ujuzi ambao vyuo vya zamani havikuujua.

Muda wa sheria ya AGOA ulipofikia kikomo mwezi Septemba mwaka 2025, maelfu ya washonaji walikumbushwa kwamba ajira zao hutegemea uamuzi wa bunge la nchi nyingine. Eneo Huru la Biashara la Afrika, lililoanza kazi Januari 2021, linatoa soko la karibu zaidi. Iwapo soko hilo litahitaji mafundi wa kufuma au washonaji tu, itategemea kile kinachofundishwa vyuoni kabla mzigo wa kwanza haujafika mpakani.