Flint, Mji Uliofungua Shule Jioni

Mwaka 1935 Frank Manley alisimama mbele ya Klabu ya Rotary mjini Flint, jimbo la Michigan nchini Marekani. Alikuwa msimamizi wa elimu ya viungo katika shule za mji huo, na alikuja na lalamiko moja. Kila alasiri watoto wa wafanyakazi wa viwanda vya magari walizurura mitaani bila mahali pa kuchezea, wengine wakiishia mikononi mwa polisi. Wakati huohuo shule, zilizojengwa kwa kodi za wazazi wao, zilipigwa kufuli mara tu kengele ya mwisho ilipolia. Manley aliomba zifunguliwe.

Kati ya waliomsikiliza alikuwamo Charles Stewart Mott, tajiri aliyemiliki hisa nyingi za kampuni ya magari ya General Motors na aliyewahi kuwa meya wa Flint. Mwaka 1926 alikuwa ameanzisha wakfu wenye jina lake, lakini wakfu huo ulikuwa bado haujapata kazi kubwa ya kuutambulisha. Sasa ikapatikana. Wakfu uliipa Bodi ya Elimu ya Flint dola 6,000, shule tano zibaki wazi baada ya masomo na wakati wa likizo.

Zilitosha kuanzia. Manley hakuomba jengo, kwa kuwa madarasa na viwanja vilikuwapo tayari. Kilichokosekana ni watu wa kusimamia watoto, vifaa, na gharama ya kuwasha taa jioni. Wengi wanaotafuta ufadhili huanza kwa kuorodhesha wasivyokuwa navyo. Yeye alianza kwa kuonyesha mali ya umma iliyokaa bure nusu ya siku, akamwachia mfadhili pengo dogo la kuziba.

Kazi ilipoanza, ikazaa kazi nyingine. Walimu walipowatembelea watoto majumbani waliwakuta wenye njaa na wenye maradhi yasiyotibiwa, na huduma za afya zikaongezwa. Wazazi nao wakaanza kuja jioni kujifunza kushona, kusoma na kufanya kazi za mikono. Kufikia miaka ya 1950 shule za Flint zilikuwa na wakurugenzi wa shughuli za jamii, na wageni kutoka miji mingine walikuwa wakija kutazama namna zinavyoendeshwa. Manley alifariki mwaka 1972 na Mott mwaka 1973, akiwa na miaka 97. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kusaidia shule za jamii nchini kote.

Sifa hizo zina upande wa pili. Mwanahistoria Andrew Highsmith, katika kitabu chake Demolition Means Progress cha mwaka 2015, ameonyesha kwamba mpango wa Mott ulijengwa juu ya shule za mitaa katika mji uliowatenga Weusi na Weupe kwa makazi. Kila shule ilipozidi kuwa kitovu cha mtaa wake, mipaka ya rangi nayo ilizidi kukazwa. Fedha za mfadhili zilifuata ramani ziliyoikuta, na watoto Weusi wa Flint ndio walioubeba uzito wake.

Udhaifu mwingine ulikuwa wa mfuko. Mji mmoja, kampuni moja, tajiri mmoja: General Motors ilipoanza kupunguza ajira Flint, kodi zilizoendesha shule zikapungua pamoja na watu, na hakuna wakfu ulioweza kuziba pengo la namna hiyo.

Kwa hiyo hatua iliyofuata ilikuwa kuihamishia gharama serikalini. Mwaka 1994 Bunge liliidhinisha mpango wa Vituo vya Kujifunzia vya Jamii vya Karne ya 21. Kwanza fedha zilikuwa chache mno, kisha mwaka 1998 zikafika dola milioni 40. Hapo Wakfu wa Mott ukaingia ubia na Wizara ya Elimu. Serikali ililipia vituo vyenyewe, na wakfu ukagharimia mafunzo, ushauri na tathmini, ili hata wilaya maskini zijue kuandika ombi linaloweza kushindana. Mwaka 1999 bajeti ilikuwa dola milioni 200, na mwaka 2002 ikagusa dola bilioni moja.

Sheria ya elimu iliyotiwa saini Januari 2002 iliyapa majimbo kazi ya kugawa ruzuku za mpango huo. Masharti yake yanaeleweka: kila ruzuku isipungue dola 50,000, idumu miaka mitatu hadi mitano, na shule zenye watoto maskini zitangulie.

Miji nayo ilitafuta njia zake. Los Angeles, chini ya Meya Tom Bradley, ilianzisha mpango wa LA's BEST mwaka 1988 katika shule 10. New York ilipata ahadi ya dola milioni 125 kutoka kwa tajiri George Soros mwaka 1998, kwa sharti kwamba kila dola yake iletewe dola tatu kutoka kwingine. California ilikwenda mbali zaidi. Novemba 2002 wapiga kura waliikubali Hoja Namba 49, iliyopigiwa debe na mwigizaji wa filamu Arnold Schwarzenegger, na kuanzia mwaka wa masomo wa 2006 jimbo likatenga dola milioni 550 kwa mwaka. Wabunge wa jimbo hawawezi kuzigusa kwa kura ya bajeti ya kawaida.

Ulinzi huo fedha za shirikisho hazina. Mwaka 2003 Rais George W. Bush alipendekeza zishuke hadi dola milioni 600, na Bunge likakataa. Mwaka 2017 Rais Donald Trump alipendekeza zifutwe kabisa, na Bunge likakataa tena. Julai 2025 zilizuiwa kwa wiki kadhaa kabla ya kuachiliwa, huku waendeshaji wa vituo wakiwa hawajui kama wataajiri walimu au watawaaga.

Mahitaji hayajawahi kufikiwa. Uchunguzi wa shirika la Afterschool Alliance wa mwaka 2020 ulikuta watoto milioni 7.8 wakihudhuria vipindi vya baada ya shule, na wengine milioni 24.6 ambao wazazi wao wangewaandikisha kama nafasi zingepatikana.

Miaka 90 ya historia hii ina la kumwambia kila anayeandika ombi la ruzuku kwa ajili ya watoto wa mtaa wake. Aanze na jengo lililopo na watu waliopo. Atafute mfadhili zaidi ya mmoja. Na tangu mwaka wa kwanza, akiwa bado na fedha mkononi, aende kwa madiwani na wabunge wake kudai fungu la kudumu katika bajeti, kwa maana ruzuku ya miaka mitano itakwisha na watoto wa mwaka wa sita watakuja.