Kle ya 13, kle ya 14: karakana za nyumbani za Golf

Bolti ya milimita 8 iliyotoka Ujerumani hufunguliwa kwa kle, yaani spana, ya 13. Bolti ya unene huohuo ikitoka Japani inataka kle ya 12. Ya Land Rover ya zamani haitaki hata moja kati ya hizo, maana inapimwa kwa inchi. Ndiyo sababu masanduku ya vifaa katika parseli za mtaa wa Golf, hasa ya wazee, ni mazito kuliko kazi inayofanyika leo. Yamebeba motokari zote zilizowahi kupita Lubumbashi, pamoja na zile ambazo hazipiti tena.

Zilianza za inchi. Mji huu, ukiitwa Élisabethville, ulizaliwa mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini, na mwaka uliofuata tanuri la kampuni ya migodi, Union Minière, likaanza kuyeyusha shaba. Reli ile ilitoka upande wa Waingereza, kupitia Rhodesia hadi bandari za Afrika Kusini, kwa hiyo mashine na magari ya Kiingereza na ya Kimarekani yalipata njia rahisi. Mtaa wa Golf, unaoitwa hivyo kwa sababu ya uwanja wa gofu, ulikuwa pembeni mwa mji wa Wazungu. Nyumba za enzi ile bado unazitambua: barza mbele, gereji ya motokari moja ubavuni, boyerie, nyumba ya watumishi, nyuma kabisa ya parseli. Gereji ilikuwa ya kulaza gari tu. Likiharibika, lilipelekwa kwa mafundi.

Na mafundi walikuwapo. Wasalesiani wa Don Bosco walifika mwaka 1911 na kuanza kufundisha vijana kazi za mikono. Kampuni ya reli, BCK, ilikuwa na karakana zake, na Union Minière ilikuwa na karakana kuu kule Panda, Likasi. Humo Waafrika walijifunza kuchomelea, kuchonga chuma na kufungua injini mpaka pete ya mwisho. Lakini kle haikuwa yao. Asubuhi ulichukua kifaa stoo, jioni ukakirudisha. Kampuni ilitoa nyumba, unga, hospitali na shule ya watoto, na watu wakasema kazi njo baba, njo mama. Mtoto anayelishwa na baba hanunui sufuria, na fundi wa Union Minière hakuwa na haja ya kununua sanduku la kle.

Baada ya uhuru magari ya Ulaya yalizidi mitaani: Volkswagen ya mgongo wa kobe, Peugeot 404, baadaye 504. Hapo kle ya 13 na ya 17 zikawa ndizo zinazochakaa kwanza. Volkswagen ile nadhani ndiyo iliyowafundisha watu wengi kwamba gari linaweza kutengenezwa nyumbani. Injini yake imeshikwa na bolti nne nyuma. Ukishafungua nyaya, kebo na bomba la mafuta, watu wawili na kriki moja wanaiteremsha chini.

Kisha ikaja tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alipotangaza zairianisation. Maduka na biashara za wageni, gereji zikiwemo, zilipewa wenyeji, wengi wao wakiwa watu wa siasa wasiojua stoo ya vipuri inajazwaje. Walichokikuta rafuni walikiuza, na rafu ikabaki tupu. Bei ya shaba ikaanguka, na mwezi Agosti 1975 reli ya Benguela, njia ya kwenda baharini, ikafungwa kwa vita vya Angola. Kipuri kilichokuwa kikija kwa wiki kikawa hakiji kabisa.

Hapo ndipo karakana ya nyumbani ilipozaliwa kweli, na haikuzaliwa kwa starehe. Ulaya na Marekani mtu mwenye mshahara mzuri hujipatia kona ya gereji kwa ajili ya Jumamosi zake. Hapa ilikuwa ile Ibara ya 15 ya mzaha: jitafutie. Gasketi ilikatwa kwa karatasi ngumu iliyowekwa juu ya chuma chenyewe na kugongwagongwa ukingoni kwa nyundo ya kichwa cha mviringo mpaka umbo likajichora. Ekzosi ilichomelewa juu ya mchomeleo wa zamani. Boyerie ikageuka stoo ya vitu ambavyo hakuna aliyethubutu kuvitupa.

Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1993 haikufika hata 50,000. Mishahara ikachelewa miezi na miezi. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa muda mrefu walipewa mkupuo wa pesa waondoke. Njia hiyo iliitwa départ volontaire, ingawa hiari yenyewe ilikuwa haba. Wapo walionunua teksi, wapo walionunua poste à souder, mashine ya kuchomelea, na wengi pesa iliwaishia kabla hawajaamua. Ujuzi uliokuwa nyuma ya malango ya kampuni ukahamia uani kwa watu.

Wakati huohuo Toyota zikaingia. Zinashushwa Dar es Salaam, zinakatiza Tunduma na Zambia, zinavuka mpaka wa Kasumbalesa. Safari ya karibu kilomita 2,000. Usukani uko kulia, ilhali Kongo tunapita kulia, na serikali imewahi kutangaza marufuku ambayo mji huu haukuitii. Kwenye sanduku, zamu ikawa ya 10, 12 na 14. Kijana anayeanza leo Golf Météo au Golf Plateau anaweza kuishi vizuri bila kle ya 13.

Anahitaji nini basi? Wengi huanza na kompresa, kwa kuwa ina kelele na inaonekana kama kazi. Mimi ningeanza na chandelles, vile vigoda vya chuma vya kushikilia gari. Kriki ni ya kuinua, si ya kulalia chini yake. Watu huegesha gari juu ya matofali, na matofali yetu mengi yametokana na udongo wa vichuguu vikubwa vya mchwa vinavyouzunguka mji. Ni mazuri kwa ukuta. Chini ya tani moja na nusu ya Toyota Noah, yanapasuka bila kukuonya. Shimo la kukagulia nalo lina mitego miwili. Kuanzia Novemba hadi Machi mvua hulijaza, na mvuke wa petroli, ulio mzito kuliko hewa, hujikusanya humo ukingoja cheche moja.

Kompresa itakuja, lakini umeme wa shirika la SNEL ukiwa hafifu mota yake huvuma tu bila kuzunguka, mpaka iungue. Bwawa la umeme la Mwadingusha lilijengwa kwa ajili ya migodi, na migodi bado ndiyo inayohudumiwa kwanza. Kwa hiyo bei ya kompresa ijumlishwe na ya jenereta.

Kifaa kipya kuliko vyote hakina uzito: kisomaji kidogo kinachochomekwa chini ya dashibodi na kutuma namba za hitilafu kwenye simu. Wazee hukicheka, kisha huita mjukuu aje nacho. Lakini magari ya mseto, ya petroli na umeme, nayo yameanza kuvuka Kasumbalesa. Betri ya Prius ina takriban volti 200, zinazotosha kuua, na ili kuigusa unahitaji glavu za mpira zilizopimwa kwa volti 1,000. Kongo ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, inayoingia katika betri nyingi za magari ya umeme, na nyingi inachimbwa Kolwezi na kandokando ya barabara ya kwenda huko. Glavu hizo, kwa sasa, fundi wa Golf huziagiza nje.