Sanamu ya Lusinga: kazi ya fundi wetu iko Tervuren

Tukitaja wasanii waliolipa jina eneo letu la Kalemie, wengi huanza na waimbaji. Mimi naanza na wachongaji Watabwa wa kando ya ziwa.

Mwaka 1883 luteni Mbeleji, Émile Storms, alijenga boma huko Mpala, kusini mwa Kalemie. Mji wetu ulikuwa haujazaliwa. Lusinga, chifu wa Watabwa, alikataa kumtii. (Naye hakuwa malaika: aliuza watu.) Desemba 1884 watu wa Storms walimvamia, wakamuua, wakamkata kichwa na kuchoma kijiji.

Katika mali waliyobeba kulikuwa na sanamu ya mti: mwanamume amesimama, nywele zimesukwa kwa ustadi. Halikuwa pambo. Watabwa huziita sanamu za namna hiyo mikisi. Ndani yake ukoo huwakumbuka mababu, na chifu huonyesha haki yake ya kutawala. Kuichukua ilikuwa kuuvua ukoo ushahidi wake. Jamaa mliohama vijiji usiku, mikono mitupu, mnaelewa kuliko mimi.

Storms alikwenda nayo Ubelgiji, pamoja na fuvu la Lusinga. Baada ya kufa kwake sanamu iliingia makumbusho ya Tervuren. Wataalamu wa dunia huitaja kati ya kazi kubwa za Watabwa.

Bruxelles walimsimamishia Storms naye sanamu yake. Iliondolewa mwaka 2022. Ile ya Lusinga bado iko Tervuren, na aliyeibeba hakuandika jina la fundi aliyeichonga.