Kidingapopo na Asili ya Jina la Homa ya Dengue

Katika mwaka 1870, ndio mwaka aliofariki Sayyid Majid bin Said, Unguja iliingiwa na homa iliyomshika mtu ghafla na kumkaza viungo hata asiweze kuinuka kitandani. Na wazee wa mjini wakasema kwamba maradhi hayo si mageni, kwani yalikwisha kupita kisiwani yapata mwaka 1823, na jina lake ni kidingapopo. Aliyeziandika habari hizo ni James Christie, tabibu Mskoti aliyekuwa Unguja zama hizo, naye jina aliliandika kama alivyolisikia, ka-dinga pepo, akalifasiri kuwa ni mshiko wa ghafla utokao kwa pepo mbaya. (Kamusi zetu zamtaja popo, wala si pepo, lakini sikio la mgeni lina udhuru wake.)

Christie hakuishia hapo. Alikumbuka kwamba mnamo 1827 na 1828 homa ya namna hiyo ilienea katika visiwa vya Karibi, na kwamba watu wa Cuba waliiita dunga, kisha dengue. Akatoa rai kuwa jina hilo lilivuka bahari pamoja na watumwa waliotolewa pande zetu. Rai hiyo ina nguvu, kwa kuwa watumwa wa Msumbiji walipelekwa Cuba katika miaka hiyo hiyo. Walakini ina pingamizi, maana neno dengue lilikuwamo katika Kihispania tangu kabla, kwa maana ya madaha na kujishaua, na mgonjwa atembeaye kwa kukakamaa mithili ya mwenye maringo hangekosa kuitwa hivyo. Mimi naona sauti ilitoka kwetu, na Wahispania wakaivika neno walilokwisha kulizoea.

Ajabu kubwa ni nyingine. Mwaka 1952 maradhi ya jinsi hiyo yalizuka Newala, katika nyanda za juu za Wamakonde, na wenyewe wakayaita chikungunya, yaani yenye kumkunja mtu. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden, waliochapisha uchunguzi wao mwaka 1955, walieleza jinsi uhaba wa maji ulivyowalazimu watu kuyahifadhi majumbani mwao, na humo ndimo alimozaliana mbu aitwaye Aedes aegypti, aumaye mchana. Kirusi cha maradhi hayo kikabainika kuwa si kile cha dengue. Kisha mwaka 1971 mtaalamu Carey akahoji kwamba yale maradhi ya Unguja ya 1823 na 1870, kwa jinsi maumivu ya viungo yalivyoelezwa, yalikuwa chikungunya hasa.

Hoja hiyo naikubali. Basi jina la Unguja, kama kweli ndilo lililofika Cuba, limekalia maradhi mengine, ilhali maradhi yenyewe yajulikana ulimwenguni kwa jina la Kimakonde. Na kamusi za Kiswahili zingali zafasiri kidingapopo kuwa ni homa ya dengue.