Kijiti: wimbo uliobeba kesi nzima

Najua nimekuwa kimya. Hizi wiki mbili ni semina juu ya semina, na foleni ya kutoa kopi imekuwa ndefu kuliko ya chakula. Leo siongelei mkopo wala maji kukatika bwenini. Leo tuongee muziki, tena wa zamani, kwa sababu kuna swali tumepewa kwenye semina ya historia na limenikaa kichwani: je, wimbo unaweza kuwa ushahidi wa historia?

Darasa liligawanyika pande mbili. Wako waliosema wimbo ni wimbo tu, mtu anatunga anavyojisikia, ukitaka historia nenda kwenye makabrasha ya serikali. Wengine tukasema ngoja kwanza, makabrasha hayo aliyaandika nani, na alikuwa anamwandikia nani? Kelele zikawa nyingi, muda ukaisha. Mimi nimeendelea kusoma, na ninachowaandikia hapa ndicho nilichopata.

Tuanzie karibu. Siku hizi mwanamuziki anayejitegemea, yaani yule asiye na kampuni kubwa nyuma yake, akitoa albamu hatoi nyimbo peke yake. Anakaa mbele ya simu anaeleza wimbo mmoja mmoja: huu niliutunga mama alipolazwa, huu ni wa rafiki aliyenikopa akahama mji, huu nilianza kuuimba kwenye daladala. Na sisi tunapenda, kwa kweli. Ukishaijua hadithi, wimbo unausikia upya. Lakini kuna wakati mambo yalikuwa kinyume. Hadithi ilitangulia, mtaa mzima ukaijua, halafu ndipo wimbo ukaja kuipigia muhuri. Ukitaka mfano wa hilo, huwezi kumkwepa Siti binti Saad.

Wengi tunalijua jina, tunaishia hapo. Basi kwa ufupi: alizaliwa kijiji cha Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880. Baba yake Saad alikuwa na asili ya Unyamwezi na mama yake ya Uzigua, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Soma tena hilo jina, polepole. Utumwa Zanzibar ulifutwa kisheria mwaka 1897, yeye akiwa tayari binti mkubwa. Familia ilifinyanga vyungu, na yeye alivibeba kichwani kwenda kuviuza, huku akiita wateja kwa sauti iliyosikika mbali. Mwaka 1911 hivi akahamia mjini, akajifunza kuimba kwa ala kutoka kwa wanamuziki wa huko. Jina la Siti, ambalo ni la heshima, alilipata baadaye, kwa kazi yake mwenyewe.

Sasa taarabu ya wakati huo haikuwa ya watu kama yeye. Inasimuliwa kwamba Seyyid Barghash, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, alimtuma kijana aitwaye Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza muziki ili aje kumtumbuiza. Ilikuwa taarabu ya jumba la mfalme, na iliimbwa kwa Kiarabu. Siti na wenzake wakaimba kwa Kiswahili, na wakaimba mambo ambayo muuza samaki na dobi wangeyaelewa bila mkalimani. Aliitwa kuimba kwa wakubwa, ndiyo, lakini makazi yake yalikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na mtaa wa watu wa kawaida.

Kuna waliochukia, mnadhani nini! Ukatungwa wimbo wa kejeli wa kumkumbusha kwamba aliingia mjini na kaniki, ile nguo nyeusi ya mafukara na watumwa, na kwamba bila ile sauti asingepata hata chakula. Naye akajibu kwa wimbo: hoja yake ilikuwa kwamba sura na ukoo si kitu, kilicho na thamani ni akili ya mtu. Hakwenda kulalamika kwa mzee yeyote, alimaliza hapo hapo jukwaani. Ukiwasikia wasanii wa kizazi chetu wanajibizana kwa mistari, ujue mchezo huo una wenyewe.

Lakini kilichonishika mimi ni namna nyimbo zilivyotengenezwa. Siti na kundi lake walikuwa wanakutana nyumbani kwake, na majirani wanakuja. Watu wanaleta habari za siku: nani kafungwa, nani kala mali ya watu, nani kaonewa mahakamani. Wanajadiliana, na katika mazungumzo hayo mashairi yanazaliwa. Kwa hiyo ukisema mtunzi alikuwa Siti, au fulani katika kundi, hujakosea, ila hujamaliza. Mtaa nao ulitia mkono. Kama wangekuwepo watu wa kumwuliza "Bibi, nini kilikusukuma kutunga wimbo huu?" nadhani angewashangaa. Si nyinyi mlikuwepo jana nilipoambiwa?

Halafu ukafika mwaka 1928. Kampuni ya santuri ya Gramophone, yenye ile nembo ya mbwa anayesikiliza, ikampeleka Siti Bombay, na akarekodi. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kutoa santuri. Kundi lake nalo likaenda, na miaka miwili mitatu iliyofuata zikauzwa santuri kwa makumi ya maelfu, si Zanzibar tu bali mwambao mzima na bara.

Mwaka huo huo wa 1928, Ng'ambo palikuwa pamechafuka. Wakazi waligoma kulipa kodi ya ardhi kwa wenye viwanja. Sisemi nyimbo ndizo zilizoleta mgomo, maana hilo nitashindwa kulithibitisha. Nasema watu waliokaa vibarazani kwa Siti wakizungumza kuhusu haki hawakuwa wanatania.

Sasa santuri ina mambo yake. Upande mmoja ulichukua kama dakika tatu. Wimbo ambao nyumbani ungeweza kuvutwa usiku kucha, watu wanaitikia, mmoja anadakia ubeti, sasa unatakiwa uingie kwenye dakika tatu ndani ya chumba Bombay. Maelezo yanakatwa. Ukiwa wa Ng'ambo hupotezi kitu, unajua nani ni nani. Ukiwa mbali na kisiwa, unalisikia jina na hujui ni la nani. Itabidi umtafute mtu aliyefika Unguja akueleze. Kwa hiyo nadhani (hii ni hoja yangu, mnaweza kuipinga) mahitaji ya "hadithi nyuma ya wimbo" yalianza pale wimbo ulipopanda meli na kuuacha mtaa wake.

Basi tuje kwenye wimbo wenyewe. Unaitwa Kijiti. Sitaunukuu, nitawasimulia tu.

Mwanamke mmoja kutoka Dar es Salaam alikwenda Unguja kutembea. Alikuwa mja mzito. Akaalikwa kwenye matembezi ya usiku nje ya mji, kundi la watu, na pombe ikiwemo. Mle alikuwemo mwanamume aitwaye Kijiti. Akamchukua mgeni kama vile wanakwenda kucheza mchezo wa kujificha, akaingia naye vichakani. Mgeni alirudi maiti.

Kijiti akavuka bahari akakimbilia bara. Na mahakamani ikawaje? Wanawake waliokuwa pamoja na marehemu, waliokwenda kutoa ushahidi, ndio waliogeuziwa kibao. Jaji, wa utawala wa Waingereza walioiweka Zanzibar chini ya himaya yao tangu 1890, aliwakasirikia wao: kwa nini walimtoa mgeni usiku, na pombe ile ilikuwa ya nini. Mashahidi wakafungwa. Muuaji yuko ng'ambo ya pili ya maji.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu kwanza.

Sasa turudi kwenye lile swali letu. Wimbo huu unathibitisha nini? Kuwa mkweli, hauwezi kuthibitisha kila kilichotokea kule vichakani. Siti hakuwepo. Mwanahistoria akitaka kujua tarehe, umri, maneno halisi ya jaji, wimbo hautamtosha, itabidi atafute na jalada la kesi. Hapo wenzangu wa upande wa pili wana pointi na nawapa.

Lakini jalada nalo halitakwambia kitu kimoja: watu waliionaje hukumu ile. Jalada litasema kesi imekwisha. Wimbo unasema haijaisha. Wimbo unawaambia watu watazame, waone alichofanya huyu, na unalitaja jina lake hadharani ili popote atakapokwenda likamtangulie. Bara alikokimbilia Kijiti, santuri zilifika pia! Mahakama ilishindwa kumvukia bahari, wimbo ukavuka. Watu wengi wa Ng'ambo hawakuwa na gazeti la kuandika malalamiko yao wala mtu barazani kwa mkoloni wa kuwasemea. Walikuwa na Siti. Kwa maana hiyo wimbo ni ushahidi kabisa, tena wa daraja la kwanza, ushahidi wa fikra za watu ambao kalamu haikuwahi kuwa mikononi mwao.

Kuna jambo jingine linaniuma, na niliseme. Muuaji tunamjua kwa jina, ndilo jina la wimbo. Aliyekufa anaitwa mgeni. Karibu miaka mia imepita na watu wanauimba, yeye bado ni mgeni. Sidhani Siti alikusudia kumdharau. Nafikiri alitaka jina la Kijiti ndilo lichafuke. Hata hivyo nikiusikiliza nawaza kwamba alikuwa na mama, na mtoto tumboni, na pengine mtu bandarini Dar aliyekuwa anasubiri chombo kirudi.

Na lile swali la jaji? Dada zangu mnaosoma hapa mnalijua. Linatokea kila dada akidhuriwa, na humu vyuoni linaulizwa kwenye korido na kwenye magrupu ya simu: "Kwani alikuwa anafanya nini kule saa zile?" Anaulizwa aliyeumia, wanaulizwa rafiki zake waliotoka naye, na aliyetenda anapata muda wa kutafuta boti. Wanawake wa Ng'ambo waliliona hilo zamani, wakalitia kwenye tuni. Sisi wenye digrii bado tunauliza swali la jaji. Mtanisamehe kwa ukali, ila hapo nashindwa kuongea polepole.

Siti alifariki mwaka 1950. Kabla ya hapo Shaaban Robert alikutana naye na kuyasikia maisha yake kutoka kinywani mwake, ndipo tukapata Wasifu wa Siti binti Saad. Kama hujakisoma kisome, si kirefu. Kwa hiyo hata yeye mwishoni alikaa chini akasimulia kilichokuwa nyuma ya sauti yake, na tuna bahati kwamba msikilizaji alikuwa na kalamu. Bibi mwingine, Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, aliendelea kuuimba Kijiti mpaka uzeeni, na wengi wa rika letu tuliusikia kwake kwanza. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa 1987, kililiita jarida lake Sauti ya Siti. Na vijana wa Zanzibar walioanzisha bendi ya Siti and the Band walitoa albamu yao mwaka 2018. Sauti imepita mikono mingi.

Ndiyo maana siwacheki tena wanamuziki wanaokaa mbele ya simu kueleza nyimbo zao. Zamani nilikuwa naona kama wanazuga, kama wimbo ni mzuri si ujieleze wenyewe? Sasa naona wanafanya kazi ambayo zamani ilifanywa na kibaraza cha nyumba. Mtaa wao umetawanyika, msikilizaji mmoja yuko Mwanza, mwingine Muscat, mwingine Minnesota. Wasiposema wimbo umetoka wapi, miaka themanini ijayo mwanafunzi fulani atakuwa anagombana na wenzake semina nzima kwa sababu hakuna aliyeandika.

Ombi langu kwenu ni dogo. Likizo hii ukifika nyumbani, muulize bibi au babu wimbo mmoja tu wa ujanani mwake unamhusu nani. Si wimbo ulivyo mtamu, bali nani alimfanyia nani nini. Washa simu urekodi, andika na tarehe. Na kama kwenye hadithi hiyo kuna mtu anaitwa "yule mgeni" au "yule binti", uliza jina lake. Uliza mara mbili.

Maoni yenu nayangoja, hasa nyie mnaosema wimbo ni wimbo tu. Njooni na hoja, chai juu yangu (boomu likiingia!). Ngoja nikasome, Jumatatu kuna test.