Merikebu ya Challenger na Matumbawe ya Kilindini

Kaa vizuri, ishike karatasi hii, na uyafuate maneno kwa kidole polepole huku ukisikiliza. Usipolielewa neno moja, usihangaike. Tia alama kwa kalamu, nawe utamwuliza mwalimu wako baada ya kipindi.

Ikiwa unakaa pwani, tumbawe unalijua. Ni jiwe lile la baharini ambalo watu hujengea nyumba na kuchomea chokaa. Lakini tumbawe halikuanza kuwa jiwe. Ni makao ya viumbe vidogo laini, navyo vikifa huacha chokaa yao nyuma. Matumbawe yanayojenga miamba ya pwani yetu hukaa katika maji ya kina kidogo, kwa kuwa huhitaji mwanga wa jua. Basi sikia ajabu: yako matumbawe mengine yanayoishi chini kabisa, penye giza na baridi, ambapo jua halifiki kamwe. Je, watu walipataje kuyajua?

Zamani wataalamu wengi hawakusadiki kwamba kiumbe chochote kinaweza kuishi huko. Katika miaka ya 1840 mtaalamu Edward Forbes alivua katika bahari ya Ugiriki, akaona kuwa kadiri wavu unavyoshuka ndivyo viumbe wanavyopungua. Akafikiri kwamba chini ya pima 300 hakuna uhai. Pima moja ni futi 6, yaani urefu wa mikono miwili ya mtu mzima iliyonyoshwa. Lakini mwaka 1860 waya wa simu uliolazwa baharini kati ya Sardinia na Algeria ulivutwa juu kwa sababu uliharibika. Ulipotoka ulikuwa umeotwa na matumbawe, nao ulikuwa umelala chini zaidi ya pima 1,000! Fikra ya Forbes ikaanza kutikisika.

Ndipo Serikali ya Uingereza ilipotoa merikebu ya vita iliyoitwa Challenger. Mizinga ilitolewa, ikabaki miwili tu, na mahali pake pakajengwa vyumba vya kazi. Merikebu hiyo ilikuwa na matanga na mashine ya mvuke pia. Mwezi wa Desemba 1872 iliondoka Portsmouth chini ya nahodha George Nares. Wataalamu walikuwa wachache, na mkuu wao ni Wyville Thomson. Aliyeshughulika sana na matumbawe ni Henry Moseley. Maofisa na mabaharia walikuwa kama 240. Merikebu haikufika pwani yetu ya Afrika Mashariki; ilipita Cape Town, ikaenda kusini mpaka penye barafu, kisha Australia, Hong Kong, Japani, Hawaii na Amerika ya Kusini.

Sasa tazama kazi yao ilivyokuwa. Merikebu ilisimamishwa katikati ya bahari kuu. Mabaharia walipiga bildi ili kujua kina, wakapima joto la maji, kisha wakashusha mfuko wa wavu wenye mdomo wa chuma kwa kamba nene ya katani. Maili kadhaa za kamba zilitoka. Mfuko ukaburuzwa chini, halafu mashine ndogo ya mvuke ikaanza kuivuta kamba, saa baada ya saa. Palipokuwa na kina kirefu, kazi hiyo ilichukua siku nzima. Mwishowe mfuko ulimwaga tope sitahani, nalo likachekechwa kwa maji kama unavyochekecha unga.

Mwanzoni kila mtu alikimbilia kuona kilichotoka. Lakini mambo yalirudiwa yale yale, mwezi kwa mwezi, na watazamaji wakapungua. Ikiwa mfuko ulitoka saa ya chakula, wataalamu walibaki karibu peke yao. Hata kasuku wa maofisa alijifunza kuiga manung'uniko ya kupima pima 2,000 bila kufika chini!

Kazi hiyo ilikuwa na hatari pia. Mapema mwaka 1873 kamba ilikazika mno, kapi la chuma likang'oka, likampiga kijana mmoja baharia akafa. Akazikwa baharini. Mwaka 1875 mtaalamu kijana wa Kijerumani, Rudolf von Willemoes-Suhm, aliugua na kufa njiani kwenda Tahiti. Mabaharia wapatao 60 walitoroka bandarini, kwa kuwa walichoshwa na kazi nao hawakuona faida yake. Usiwacheke. Mtu akivuta kamba miaka mitatu bila kuelezwa vyema anavuta nini, moyo wake huchoka kabla ya mikono.

Challenger ilirudi Uingereza Mei 1876, baada ya kwenda maili za baharini 68,890. Ilikuwa imesimama kufanya kazi mahali 362. Je, ilipata nini? Moseley aliandika habari za matumbawe katika kitabu kilichotoka mwaka 1881. Alionyesha kuwa aina moja ya tumbawe dogo ilipatikana tangu pima 30 hadi pima 2,900, yaani zaidi ya mita 5,000 chini ya maji! Tumbawe hilo halihitaji jua. Hukamata vijichakula vinavyopita majini. Leo tunajua zaidi: karibu na Hawaii yamepimwa matumbawe meusi ya kilindini yenye umri wa zaidi ya miaka 4,000. Wavu mzito wa kuvulia ukipita juu ya kitu kama hicho, huvunja kwa dakika moja kazi ya karne 40.

Nina neno moja la mwisho. Kila kiumbe kilitiwa katika chupa ya spiriti, na pamoja nacho maandishi ya kuonyesha kilitoka wapi na kwenye kina gani. Chupa ikipoteza maandishi, kilichomo hupoteza maana. Kamba imevutwa bure. Tena, katika merikebu hiyo alikuwamo kijana Joseph Matkin, msaidizi wa mtunza ghala ya chakula. Hakuwa ofisa wala mtaalamu, lakini aliwaandikia barua nyingi watu wa kwao. Barua hizo zilihifadhiwa, zikachapishwa kitabu mwaka 1992. Kwa ajili yake tunajua maisha ya watu wa chini merikebuni. Wenzake wengi walivuta kamba ile ile, wala hatuna neno lao hata moja. Ndugu yangu, kalamu uliyoishika usiku huu si kitu kidogo.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Waya wa simu ulionyesha nini mwaka 1860?
2. Kwa nini mabaharia wengi walitoroka? Ungekuwa nahodha, ungefanya nini?
3. Andika barua fupi kwa ndugu yako aliye mbali. Mweleze kazi uliyoifanya leo, na usisahau kutia tarehe na mahali.

Kwaheri mpaka somo lijalo.