Frimasoni, Roma, na Ushuhuda wa Uongo



Minong'ono juu ya Frimasoni haiishi. Mtu akinunua gari leo na kesho akajenga ghorofa, majirani husema ameingia huko na kutoa kafara. Hata mwaka 1994 serikali yetu iliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Basi leo tuitazame historia, hasa ugomvi wa chama hiki na ndugu zetu Wakatoliki, ambao umedumu karibu miaka 300.

Kwa hesabu yao wenyewe, chama kikuu cha Frimasoni kilianza London tarehe 24 Juni 1717. Waliazima ishara za waashi wa mawe, kama vile bikari na aproni. Kitabu chao cha sheria cha mwaka 1723 kiliandikwa na James Anderson, naye alikuwa mchungaji wa Kipresbiteri kutoka Scotland. Alitaka mwanachama afuate tu ile dini ambayo watu wote wema hukubaliana, na imani nyingine abaki nayo mwenyewe.

Papa Clement wa 12 akakipiga marufuku tarehe 28 Aprili 1738. Alichukizwa na watu wa kila dini kufungamana kwa kiapo, na adhabu kali kwa atakayetoa siri. Akaongeza kwamba anazo sababu nyingine za haki, lakini hakuzitaja. Nasi twaona ni ajabu kidogo kumlaumu mtu kwa usiri huku nawe umeficha sababu zako!

Karne ya 19 siasa ziliingia. Garibaldi, jemadari aliyepigania umoja wa Italia, alikuwa Frimasoni mkubwa, na mwaka 1870 jeshi la Italia likamnyang'anya Papa mji wa Roma. Mwaka 1877 Frimasoni wa Ufaransa waliondoa sharti la kumwamini Mungu, hata wenzao wa Uingereza wakavunja uhusiano nao. Tusishangae basi kwamba Papa Leo wa 13 aliandika waraka mkali juu yao mwaka 1884.

Hapo ndipo alipotokea Leo Taxil. Mfaransa huyu alikuwa ameandika vitabu vichafu vya kuwatukana mapadre. Mwaka 1885 akatangaza kwamba ametubu, akaanza kufichua "siri" za Frimasoni. Mwaka 1887 alipokewa na Papa mwenyewe. Yeye na wenzake waliandika habari za shetani kuabudiwa huko Charleston, Marekani, na hata za mamba aliyepiga kinanda! Tena akamleta msichana Diana Vaughan, eti aliyekuwa kuhani wa shetani, sasa ameokoka. Waumini wengi walisadiki, kwa kuwa waliosemwa walikuwa adui zao.

Tarehe 19 Aprili 1897 Taxil aliita mkutano Paris ili Diana aonekane. Akasimama peke yake, akasema yote yalikuwa mzaha wa miaka 12.

Ukutani alikuwa ameonyesha picha ya mtawa kijana. Huyo ni Teresa wa Lisieux, ambaye leo Wakatoliki humwita mtakatifu. Alikuwa amemwandikia Diana kwa moyo mweupe na kumpelekea picha hiyo. Wakati huo kifua kikuu kilikuwa kikimmaliza. Aliposikia, aliirarua barua ya Diana na kuitupa kwenye rundo la takataka la bustani. Alifariki Septemba mwaka ule ule, akiwa na miaka 24. Amri ya tisa inapovunjwa, aumiaye huwa mtu kama huyu, wala si adui aliyekusudiwa.

Na sisi Waanglikana je? Hatuna pa kujificha. Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury tangu mwaka 1945 hadi 1961, alikuwa Frimasoni. Ni mwaka 1987 tu ambapo Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza ilipokea taarifa iliyosema kwamba ziko shida za wazi kwa Mkristo aliye Frimasoni.

Roma haijabadilika. Sheria mpya za kanisa za mwaka 1983 hazikuwataja Frimasoni kwa jina, na wengine wakadhani mlango umefunguliwa. Tarehe 26 Novemba mwaka huo Kardinali Joseph Ratzinger alitangaza kwamba Mkatoliki ajiungaye yumo katika dhambi nzito na asipokee Komunyo. Novemba 2023 askofu mmoja wa Ufilipino alijibiwa hivyo hivyo. Sababu iliyotolewa ni kwamba mafundisho ya Frimasoni hayapatani na mafundisho ya kanisa. Jibu hilo halina kafara wala mamba.